Simyuleta inaiga nini hasa?

Juzi nimesikia tena. Jamaa mmoja anasimulia kwamba ana "saa 600 za kurusha Airbus" kwenye simyuleta ya kompyuta yake nyumbani, mwenzake anamkatiza: "Acha hizo, hiyo ni gemu tu." Wakabishana karibu nusu saa, nami muda wote nimejiuma ulimi, maana wote wawili walikuwa wanalionea neno moja. Wa kwanza alidhani simyuleta ni ndege iliyokosa mafuta tu. Wa pili alidhani ni mchezo wenye picha za ndege.

Maana yenyewe haina mzunguko. Simyuleta ni mashine au programu inayoiga tabia ya kitu kingine, ili mtu ajifunze, afanye mazoezi au ajaribu jambo bila kukigusa kitu chenyewe. Ile ya ndege hupokea unachofanya kwa mikono na miguu, hukokotoa ndege halisi ingeitikia vipi, kisha hukuonyesha jibu: upeo wa macho unalala upande, mshale wa mwendo unashuka, mlio wa injini unabadilika. Basi. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kitenzi kuiga.

Neno simyuleta mzizi wake ni Kilatini, simulare, ndugu wa similis, yaani kitu kinachofanana na kingine. Warumi walilitumia kwa mambo mawili: kufananisha, na kujifanya kuwa usivyo. Utata huo umesafiri na neno hadi leo, na nusu ya ubishi wa wale jamaa wawili umetoka huko. Sisi tuna bahati, tunavyo vitenzi viwili. Anayeigiza yuko jukwaani, anataka watazamaji waamini. Anayeiga hana haja ya kuaminiwa. Anachukua namna ya mwingine ili aweze kufanya kama yeye. Mtazame mtoto anayemwiga babu yake. Anapinda mgongo, anashika kijiti kama mkongojo, anakohoa kidogo kabla ya kusema. Hana mvi, hana goti linalouma, hana deni. Kachukua matatu, kaacha mengine yote, na kila aliyeko pale anamtambua babu. Kuiga ni kuchagua. Ndiyo maana swali la "je, simyuleta ni sawa na ndege?" huwa halifiki popote. Lenye kufika ni hili: hii simyuleta imechagua kuiga nini, na imeacha nini?

(Kiswahili kina kautani kake hapa. Ndege mwenye manyoya *anaruka*, ndege yenye injini *inaruka*. Upatanisho wa kisarufi tu ndio unaotuambia ni yupi au ni ipi. Sasa ile ya kwenye kompyuta? Hairuki wala haruki. Iko mezani.)

Edwin Link aliielewa siri hiyo ya kuchagua mapema sana. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, New York, na kijana alipotengeneza mashine yake ya kufundishia urubani, mwaka 1929, alitumia alichokuwa nacho: mivukuto na pampu za upepo za vinanda. Kilikuwa kisanduku chenye vijibawa vifupi, kikiinama na kuzunguka juu ya mivukuto hiyo. Wateja wake wengi wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani, kwa hiyo yule jamaa wa "gemu tu" hakukosea kabisa, amechelewa tu karibu karne moja. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani wakaanza kufa, wengi wao hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni kwa kutegemea vipimo peke yake, yaani mishale ya kimo, mwendo na mwelekeo iliyo mbele ya rubani. Jeshi likanunua mashine sita za Link. Hadi Vita vya Pili vya Dunia vinaisha, marubani zaidi ya 500,000 walikuwa wamekaa humo. Mwanafunzi alifungiwa chini ya kifuniko, nje haoni kitu, vipimo tu mbele ya pua. Kwa sura ilikuwa kama pembea ya watoto. Iliiga jambo moja, kuruka bila kuona, na jambo hilo ndilo lililokuwa likiua watu.

Za nyumbani zilikuja na Bruce Artwick, ambaye programu yake ya 1979 kwa kompyuta ya Apple II ndiyo mama wa Microsoft Flight Simulator ya 1982. Kwa miaka mingi safari ilianzia Meigs Field, uwanja mdogo ufukweni mwa ziwa huko Chicago. Uwanja wenyewe ulichimbwa na matingatinga usiku mmoja wa Machi 2003 kwa amri ya meya, ukafa. Kwenye matoleo ya zamani bado unaweza kutua hapo.

Leo programu hizi zinakupa swichi kila moja mahali pake, mawingu ya saa hiyo hiyo, paa la nyumba yako likionekana kutoka angani. Ni rahisi kusahau kilichoachwa, kwa sababu kilichoachwa hakionekani kwenye skrini. Nitaanza na kidude ambacho wabishi hawakitaji kamwe: trimu.

Kwenye ndege ndogo, trimu ni gurudumu dogo karibu na goti la rubani, linalorekebisha kibapa kwenye mkia. Upepo unaupiga mkia, na nguvu hiyo inafika hadi kwenye usukani, inasukuma kiganja chako. Mwendo ukibadilika, msukumo unabadilika. Unachofanya ni kushika usukani pale pua inapokaa sawa, halafu unazungusha gurudumu taratibu mpaka uzito mkononi uyeyuke. Usukani haujasogea, kilichoondoka ni uzito. Nyumbani, joistiki, kile kijiti cha kuongozea cha kompyuta, ina springi, na springi haijui habari za upepo. Inajua katikati tu. Kwa hiyo ukizungusha trimu inabidi wakati huo huo uiachie joistiki irudi kidogo kidogo, huku macho yako kwenye skrini yakikagua kama pua imetulia. Kitu kile kile kwa jina, na mkono umejifunza kinyume chake. Zipo joistiki zenye mota zinazojaribu kuleta uzito ule. Walio nazo ni wachache.

Mimi nilienda kwenye somo la kwanza nikiwa na mamia ya saa za nyumbani, na kiburi cha kutosha. Dakika tano hewani, nazungusha trimu huku naachia usukani kama nilivyozoea, macho yameganda kwenye kipimo cha kimo. Pua ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama mtumbwi kwenye mawimbi. Mwalimu hakupiga kelele. Akavua kofia yake, akafunika vipimo. "Kijana, ndege iko huko nje. Angalia nje, usikilize mkono." Baadaye nikaja kujua kwamba ni ugonjwa unaojulikana: wakufunzi wengi wanamtambua aliyetoka kwenye kompyuta kwa jinsi anavyokodolea vipimo siku ya jua kali.

La pili ni sikio. Ndani yake mna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, nayo ndiyo hukuambia kwamba unageuka. Ukikaa kwenye mzunguko ule ule kwa sekunde 10 hadi 20 majimaji yanatulia, na sikio linaapa kwamba unaenda moja kwa moja. Ukiinyoosha ndege, linaapa kwamba umeanza kugeukia upande wa pili. Ukiwa ndani ya wingu, hisia hiyo ina nguvu ya kukufanya uirudishe ndege kwenye mzunguko ule uliotoka kuuacha, ukidhani unajiokoa. Nyumbani sikio linakwambia ukweli muda wote: umekaa kwenye kiti. Haligombani na vipimo, kwa hiyo hujapata hata siku moja kujifunza kulikatalia. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa fundi wa kuruka mawinguni kwenye kompyuta na asijue kama anayo ile nidhamu yenyewe au hana.

Mengine nayapita haraka. Skrini moja inakunyima pembe za macho, na kutua kunategemea sana pembe hizo, pale ardhi inapoanza kupanuka kushoto na kulia kabla magurudumu hayajagusa. Ukilaza ndege digrii 60 na kubaki kwenye kimo kile kile, mtu wa kilo 70 anakuwa na uzito wa kilo 140. Kiti chako cha nyumbani hakina habari. Na kuna kitufe cha kusimamisha, ambacho angani hakipo.

Sasa nimgeukie wa "gemu tu". Simyuleta ya nyumbani inaiga taratibu, na inaziiga vizuri mno. Mpangilio wa ukaguzi kabla ya kuwasha injini, masafa ya redio, namna ya kufuata ishara za kutua kwenye ukungu, vitufe vya kompyuta ya safari ambavyo kuvijifunza hewani ni kuchoma mafuta bure: yote hayo yanaingia kichwani na yanabaki. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inakubali saa 10 za simyuleta, na kwa kifaa cha daraja la juu zaidi saa 20, kati ya saa 40 za vipimo anazotakiwa kuwa nazo anayesomea kibali cha kuruka kwa vipimo. Sharti ni kwamba kifaa kiwe kimeidhinishwa na mkufunzi awe pembeni. Programu ya X-Plane inaweza kuwa ndani ya kifaa kama hicho, na X-Plane hiyo hiyo iliyoko mezani kwako haihesabiki hata dakika moja. Kinachoidhinishwa ni kifaa kizima, na usukani na pedali zake, wala si picha.

Ngazi ya juu kabisa ni zile simyuleta za mashirika ya ndege, daraja la D: chumba kizima cha marubani juu ya miguu sita ya haidroliki au umeme, na mandhari ya nje ikizunguka karibu digrii 180. Rubani mwenye uzoefu anaweza kuisomea aina mpya ya ndege humo tu, na mara ya kwanza kuigusa ile halisi abiria wakawa wamekaa nyuma yake. Akifeli humo, haendi kazini kesho. Sijui gemu ya namna hiyo.

Hata hiyo inachagua, hata hivyo. Januari 15, 2009, Airbus A320 iligonga bata bukini muda mfupi baada ya kuondoka uwanja wa LaGuardia, New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na Kapteni Chesley Sullenberger akaitua kwenye mto Hudson. Watu wote 155 wakapona. Wachunguzi waliwaweka marubani kwenye simyuleta wairudie safari ile. Walipogeuza papo hapo baada ya kugonga, mara kadhaa waliweza kuifikisha ndege kwenye njia ya kutua. Ilipoongezwa kasoro ndogo ya kibinadamu, sekunde 35 za kushtuka, kutambua na kuamua, haikufika. Mashine ilikuwa na fizikia yote iliyohitajika. Iliyokuwa haina ni mshangao, kwa sababu marubani wale walijua ndege wenye manyoya wanakuja.

Neno rubani lenyewe linakumbuka jambo hili. Tumelipata kwa Waarabu, rubbān, na kabla ya injini yoyote kuruka rubani alikuwa mtu wa baharini, anayejua miamba iko wapi na mkondo unavuta upande gani, akaongoza chombo mpaka kikaingia bandarini salama. Ramani angeweza kuisoma mwingine.

Kwa hiyo nikikutana tena na yule mwenye saa 600, sitamwita mcheza gemu. Nitamwomba abadilishe kitenzi kimoja. Aache "nimerusha", aseme "nimefanyia mazoezi", halafu ataje ni nini: kuwasha injini, kuongea na mnara, kutua kwenye ukungu. Saa zake abaki nazo zote.