Simu ya Mashoga na Wasagaji wa London: Yanayodhaniwa na Yaliyotokea

Tarehe 4 Machi 1974, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitabu la Housmans, barabara ya Caledonian karibu na stesheni ya King's Cross, watu wachache wa kujitolea walianza kupokea simu jioni kwa jioni. Huduma yao, ya kuwapa mashoga na wasagaji habari na msaada, iliitwa London Gay Switchboard, na ipo mpaka leo. Imeandikwa na kusimuliwa mara nyingi, na katika kusimuliwa yameingia mambo yasiyo kweli. Mengine yanawavunjia heshima watu waliokesha kwenye simu hizo bila kulipwa, ndiyo maana nayajibu hapa.

"Sheria ilishabadilika 1967, simu ilikuwa ya nini tena?"

Sheria ya 1967, iliyoruhusu wanaume wawili kufanya mapenzi bila kuhesabiwa wahalifu, ilibadilisha kidogo sana. Iliwahusu wanaume wa England na Wales tu: Scotland ilingoja hadi 1980, Ireland ya Kaskazini hadi 1982. Wote wawili walitakiwa wawe wametimiza miaka 21 na wawe faraghani, na mtu wa tatu akiwapo, kisheria faragha ilikuwa imekwisha. Kijana wa miaka 19 mwenye mpenzi alibaki mkosaji. Tena polisi waliendelea kuwakamata wanaume, na miaka iliyofuata mashtaka ya namna hiyo yaliongezeka badala ya kupungua. Kwa wanawake mapenzi hayo hayakuwa jinai, lakini mama aliyejulikana kuwa msagaji angeweza kunyang'anywa watoto mahakamani talaka ilipotoka. Kwa hiyo aliyepiga simu saa nne usiku mara nyingi alikuwa anatafuta wakili, na alihitaji wakili ambaye hatamdharau.

"Waliopiga walikuwa watu wa kulia na kutaka kujiua"

Wapo waliopiga wakiwa hatarini kweli, na walihudumiwa. Ila ukiwafanya hao kuwa picha nzima umewakosea wapigaji wote. Huduma yenyewe ilizaliwa kutokana na maswali ya kawaida: gazeti la Gay News, lililoanza 1972, lilielemewa na wasomaji wanaouliza hiki na kile, ikaonekana wazi kwamba panahitajika simu maalumu ya kazi hiyo. Watu waliuliza baa gani ina usalama, disko ya Jumamosi iko wapi, daktari gani ataniona bila kunihubiria. Waliuliza sana habari za chumba cha kupanga, maana mwenye nyumba akigundua alikuwa anakutoa. Wengine walipiga, wakanyamaza. Aliyekuwa zamu hakukata. Alisubiri, akasema maneno mawili matatu ya kumtoa mtu hofu, akasubiri tena.

Kisha kulikuwa na daftari. Kila zamu iliandika kwa kalamu kilichojitokeza, ili watakaoingia baadaye wajue: baa fulani imefungwa, polisi wanavizia sehemu fulani, mpigaji fulani huenda akapiga tena. Madaftari hayo sasa yanatunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya Bishopsgate Institute, London. Kwa maoni yangu, hakuna hotuba ya mwanasiasa wa miaka ile inayoeleza maisha ya watu hawa vizuri kuliko kurasa hizo.

"Ilikuwa ya wanaume peke yao"

Hapana. Wanawake walipokea simu na walipiga, ingawa wanaume walikuwa wengi na malalamiko juu ya hilo yalikuwa ya haki. Mwaka 1977 wanawake walianzisha Lesbian Line, yaani simu ya wasagaji, yao wenyewe jijini humo. Mwaka 1986 Switchboard nayo iliingiza neno Lesbian kwenye jina lake.

"Serikali ndiyo iliyowaeleza watu habari za Ukimwi"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Terry Higgins, mmoja wa watu wa kwanza nchini kufa kwa Ukimwi, alifariki katika hospitali ya St Thomas' mnamo Julai 1982, na rafiki zake wakaanzisha taasisi yenye jina lake. Aprili 1983 BBC ilirusha kipindi kuhusu ugonjwa huo mpya, simu zikamiminika Switchboard. Mwezi uliofuata Switchboard iliandaa mkutano wa hadhara juu ya Ukimwi katika ukumbi wa Conway Hall. Tony Whitehead, mmoja wa watu wake wa kujitolea, akawa mwenyekiti wa kwanza wa Terrence Higgins Trust. Kipeperushi cha serikali kilichopelekwa kila nyumba kilifika 1987.

Hebu fikiria miaka hiyo minne. Kipimo kilipopatikana 1985, swali lilikuwa gumu: nipime, au nisipime? Dawa hapakuwa, na kampuni za bima ziliuliza kama umewahi kupima. Aliyeshika simu hakuwa daktari na hakujifanya daktari. Alisoma kila kilichojulikana wiki hiyo, akamweleza mpigaji, akamwachia uamuzi wake. Na wapokeaji wenyewe walikuwa wanazika wenzao. Mark Ashton, aliyejulikana kwa kuwachangia wachimba makaa waliogoma 1984, alikuwa mpokeaji wa simu hapo. Alifariki kwa Ukimwi Februari 1987, akiwa na miaka 26.

"Yeyote aliyependa aliweza kukaa kwenye simu"

Walichujwa na kufundishwa kwanza. Kanuni kuu ilikuwa kutomwamulia mpigaji maisha yake, na siri zake hazikutoka nje.

"Intaneti iliiua"

Mtandao umechukua maswali ya baa na disko, na hilo ni jambo jema. Lakini bomu lilipolipuka katika baa ya Admiral Duncan, Soho, tarehe 30 Aprili 1999 na kuua watu watatu, ni Switchboard watu waliyoipigia wakiwatafuta rafiki zao. Mwaka 2015 ilichukua jina la Switchboard, simu ya LGBT+ (wasagaji, mashoga, wapenda jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na wengineo), na inajibu pia barua pepe na ujumbe wa mtandaoni. Wanaojibu bado ni watu wa kujitolea, na bado ni watu wa jamii hiyohiyo.