Kwa wazazi wanaoniuliza kama "kozi ya mafaili" ina ajira

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alinisimamisha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, mjukuu wangu amechaguliwa kwenda kusoma kozi ya kutunza mafaili. Nasikia sasa kila ofisi inahamia kwenye kompyuta. Si bora nimhamishie uhasibu mapema?"

Nilimjibu kwa adabu anayostahili, lakini nilifika nyumbani nimekasirika. Swali hilo nimeulizwa na mashemeji, nimeulizwa kwenye vikao vya harusi, na mwaka juzi niliulizwa na mkuu wa idara aliyekuwa akinipunguzia bajeti. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba. Safari hii naandika, ili atakayeuliza tena nimtumie asome.

Nianze na skana, maana ndiyo inayonikera kuliko mengine yote.

Kuna taasisi moja, sitaitaja, iliyoniita niisaidie. Walikuwa wameajiri vijana wa muda, wakaskani masjala nzima, yaani chumba cha majalada, ndiyo hayo mafaili, kwa miezi michache. Mkuu wa pale alinionyesha diski ndogo ya kutosha kiganjani akaniambia, "Masjala yetu ndiyo hiyo." Nikaifungua. Ndani kulikuwa na maelfu ya picha zenye majina ambayo mashine ilijipa yenyewe, scan0001, scan0002, mpaka unachoka kuteremka. Majalada yalifunguliwa kamba, karatasi zikapitishwa kwa mafungu, madokezo, yaani maoni na maamuzi yanayoandikwa ndani ya jalada, yakaachana na barua yanazozijibu. Sasa dokezo linaposema "Folio 14, nakubali", yaani karatasi namba 14 ya jalada, nani anajua ni folio 14 ya jalada gani? Kurasa zilizoandikwa nyuma kwa mkono hazikuchukuliwa kabisa, kwa kuwa mashine iliwekwa isome upande mmoja. Majalada ya muda, yale yanayofunguliwa jalada mama lisipopatikana, yaliskaniwa kama majalada kamili, bila mtu kuuliza jalada mama liko wapi. Karatasi zenyewe zilitupwa kwenye kontena linalovuja.

Mama mmoja aliyestaafu alikuwa anafuatilia mafao yake pale, akatakiwa kuonyesha barua ya kuthibitishwa kazini. Tuliitafuta siku tisa. Tuliipata ndani ya kontena, imelowa pembeni, muhuri na tarehe bado vinasomeka. Picha ya barua hiyo hatukuiona kwenye ile diski, mpaka leo sijui kama ipo. Kwa siku zote tisa yule mama alikuwa anakuja asubuhi, anakaa kwenye benchi la nje, na kila mtu aliyepita pale alimwambia masjala imeshawekwa kwenye kompyuta.

Ndiyo maana nachukia kusikia kwamba skana imetuondolea kazi. Skana ilitoa picha. Kumbukumbu ni barua ikiwa na namba yake, ndani ya jalada lenye kichwa, ikifuatana na dokezo la aliyeomba na la aliyeidhinisha, na unaweza kuonyesha kwamba hakuna aliyeichomoa wala kuipachika baadaye. Ukivunja mfuatano huo umebaki na karatasi, au picha ya karatasi, ambayo wakili yeyote mzuri ataipinga kabla ya chai ya saa nne. Kazi ile ingetakiwa kuanza na uchambuzi: lipi bado linatumika, lipi ni tuli, yaani halitumiki tena kwa kazi za kila siku, lipi limefikia muda wake wa kuteketezwa kwa mujibu wa ratiba ya muda wa kutunza. Baada ya hapo kila jalada linaandikwa kichwa, namba, idara, tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa. Kuskani kunakuja mwisho, tena si kwa kila kitu.

Na mifumo je? Naitumia kila siku, naipenda. Barua ikiingia kwenye ofisi mtandao, yaani mfumo wa kompyuta wa barua na majalada, asubuhi, mchana imeshapata maelekezo, na hakuna mhudumu aliyepanda ngazi na jalada kwapani. Lakini ndani ya mfumo huohuo nimekuta suala moja limefunguliwa majalada matatu, kwa sababu kila idara ilijitungia kichwa chake. Mfumo hauwezi kujua kwamba "Mgogoro wa kiwanja" na "Malalamiko ya eneo" ni jambo moja la mwananchi mmoja. Mtunza kumbukumbu anajua, kwa kuwa ndiye aliyeuandaa mpango wa uainishaji, yaani wa vichwa na namba za majalada, na anaulinda. Vilevile ndiye anayejua nani ana haki ya kuona jalada la masjala ya siri na nani hana. Fundi wa kompyuta anaweza kufunga mlango huo, ila si kazi yake kuamua ufungwe kwa nani.

Tena kompyuta yenyewe inazeeka haraka kuliko karatasi. Pale Upanga, Dar es Salaam, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa mtaa wa Vijibweni, kuna majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyoandikwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipowaelemea, sehemu kubwa ya majalada hayo ilipelekwa bara na kufukiwa ardhini Tabora, yakaja kufukuliwa baadaye na Waingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu kutoka Ujerumani walikuja kuyapanga, mwongozo wake ukachapwa Marburg mwaka 1973, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Karatasi iliyolala kaburini inasomeka hadi leo. Mimi nina disketi za mwaka 1999 zenye mihutasari ya vikao, na sijapata mashine ya kuzifungua. Nani atakayehakikisha kwamba faili la leo linafunguka mwaka 2060, huku mtambo na programu vimeshabadilika mara kumi? Hilo ni somo ndani ya fani hii. Hasa mjukuu wa mwalimu atalihitaji kuliko nilivyolihitaji mimi.

Hapo nimekwisha kutumia maneno mawili ambayo watu huyachanganya, na niyatenganishe. Mtaani "nyaraka" ni karatasi yoyote yenye maandishi. Kwetu, na kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, kumbukumbu ni kile kinachozalishwa au kupokelewa kazini, na nyaraka ni sehemu ndogo ya kumbukumbu hizo iliyochaguliwa kuhifadhiwa daima kwa thamani yake. Kwa hiyo mtunza kumbukumbu wa hospitali ya rufaa na mhifadhi nyaraka wa Kilimani, Zanzibar, anayelinda miswada ya Kiarabu, wametoka darasa moja lakini siku zao kazini hazifanani. Mkutubi ni jamaa yetu wa karibu, ila kitabu kikipotea maktaba hununuliwa kingine. Barua ya kuajiriwa kwako haina nakala dukani.

Masomo yenyewe nitayapitia kwa haraka. Anayemaliza kidato cha nne huanza na astashahada, akapanda hadi stashahada, kisha shahada. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha, na kiko pia chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ndugu zetu wa Kenya wana Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ambacho kina kitivo cha sayansi ya habari tangu mwaka 1988. Utasoma uendeshaji wa masjala, uainishaji, uchambuzi, uhifadhi, sheria, na kompyuta. Mchwa na unyevu vina somo lao. Ukipata nafasi ya kujifunza kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, au mwandiko wa zamani wa Kijerumani, usiiache. Wanaoweza kusoma majalada ya Upanga bila kusaidiwa ni wachache mno, na hilo linaniuma kila ninapokuta mtafiti wa hapa nyumbani anamsubiri mgeni amsomee habari za babu zake.

Sasa ajira. Usitafute neno "mafaili" kwenye tangazo. Matangazo ya utumishi wa umma huandika mtunza kumbukumbu au msaidizi wa kumbukumbu, na mara nyingi hutaja mkondo: afya, masjala, mahakama, ardhi. Wengi husoma mkondo wa masjala kwa mazoea, kisha wanashangaa mahakama haikuwaita. Chagua kwa kufikiri. Hospitali haiwezi kumtibu mgonjwa wa kudumu bila historia yake. Ofisi ya ardhi isiyo na jalada la kiwanja ni chanzo cha kesi. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Fikiria kumbukumbu za wanachama zilizofunguliwa kwa taratibu nne tofauti zikitakiwa kukaa pamoja na kila mstaafu apate haki yake kamili. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na kilichowaumbua ni kumbukumbu za Baraza la Mitihani zilizokuwa bado zipo na zinapatikana. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Benki, hospitali, shule binafsi na kampuni za simu sasa zinapaswa kujua zinashika taarifa gani za watu, kwa sababu gani, na kwa muda gani. Ratiba za muda wa kutunza ni kazi tunayoifanya tangu zamani, na sasa sekta binafsi nayo inaihitaji.

Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ilibainika mwaka 2011 kwamba kulikuwa na majalada ya makoloni ya zamani yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, kwa miongo kadhaa. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Wazee walikuja na makovu mwilini, lakini makovu hayataji tarehe wala jina la aliyetoa amri. Majalada yalitaja. Nikisikia mtu anaiita kazi hii kubeba mafaili, nawakumbuka wale wazee.

Hata hivyo sitamdanganya mwalimu. Nafasi zikitangazwa, waombaji ni wengi kupita kiasi. Nafasi nyingi ninazoziona zinataka stashahada, kwa hiyo mwenye shahada anaweza kusubiri muda mrefu kuliko mwenzake aliyeishia chini yake. Sekta binafsi inahitaji kazi yetu, ila bado haijaizoea: wanamwajiri mtu kwa jina la afisa utawala, kisha wanamkabidhi kumbukumbu zote za kampuni. Mshahara wa kuanzia ni wa kawaida. Na zipo ofisi ambako mtumishi aliyekosana na bosi huhamishiwa masjala kama adhabu, akakaa humo kwa kinyongo akipanga majalada ovyo. Jambo hilo limeidhalilisha fani yetu kuliko kompyuta yoyote.

Nina mashaka mengine ambayo vitabu vya darasani havikuniandaa kwayo. Tunafundishwa kuheshimu mpangilio wa asili, yaani kumbukumbu zibaki kama zilivyopangwa na ofisi iliyozizalisha. Ni kanuni nzuri, naiamini. Lakini nimeingia kwenye vyumba ambako mpangilio wa asili ni lundo lililomwagwa sakafuni baada ya ofisi kuhama mara tatu. Hapo unaheshimu nini? Mimi hupanga upya na kuandika kwenye taarifa yangu kwamba nimepanga upya, na sina hakika kila mara kama nimefanya vyema.

Uteketezaji unanisumbua zaidi. Sheria inataka idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka, ratiba ipo, fomu zipo. Niliwahi kupendekeza kuteketezwa kwa madaftari ya mahudhurio ya wagonjwa wa zahanati kwa kuwa muda wake ulikuwa umekwisha. Yakateketezwa. Miaka miwili baadaye alikuja mtafiti akiulizia wagonjwa wa malaria wa eneo lile mwezi kwa mwezi. Nilifuata taratibu zote, na bado namkumbuka akifunga begi lake.

Jana jioni mwalimu alinipigia. Nilimuuliza barua yake ya kuajiriwa iko wapi. Akasema iko chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni, tangu mwaka 1974, na hajamruhusu mtu aiguse. Nikamwomba aitoe kwenye nailoni, maana nailoni inafungia unyevu, aiweke kwenye bahasha ya karatasi na kuondoa ile pini ya chuma kabla kutu haijala pembe. Kisha akampa simu mjukuu wake. Binti aliuliza mambo mawili: kama mkondo wa ardhi una hesabu nyingi, na kama anaweza kuja kuona masjala kabla chuo hakijafunguliwa. La hesabu nikamwambia ni kidogo, ila ajifunze kusoma ramani. Atakuja Jumatano saa mbili asubuhi. Nimemwambia aje na barakoa, maana chumba cha majalada tuli kina vumbi, na tutaanza na humo.