Potifolio haihitaji hifadhidata

Nikiombwa kukagua potifolio, yaani tovuti binafsi ya kuonyesha kazi zake, ya kijana anayetafuta kazi za programu au za usanifu, mara nyingi nakuta kitu kilekile: mfumo mzima wa kuendesha tovuti wa WordPress, plagini (nyongeza zake) lukuki, hifadhidata, ukurasa wa kuingilia ambao maroboti yanaubisha usiku na mchana, na mwisho wa mzigo wote huo kuna kurasa nne ambazo hazijaguswa tangu mwaka juzi. Jina, picha, kazi zangu, wasiliana nami.

Mfumo wa namna hiyo huutengeneza ukurasa upya kila mgeni anapofika, kama muuza chipsi mayai anayesubiri oda ndipo awashe jiko. Duka la mtandaoni linahitaji hivyo, maana bei na akiba vinabadilika. Potifolio ni vitumbua: vimepikwa alfajiri, viko kwenye sinia, mteja akija anachukua anaondoka. Ndiyo maana kazi hii naifanya kwa programu ya kuzalisha tovuti tuli. Unaandika maandishi yako, programu inayachanganya na violezo, inatoa faili za HTML, basi. Seva haina la kufanya zaidi ya kuzikabidhi, na mdukuzi anayetafuta nenosiri la msimamizi hakuti hata mlango wa kubisha.

Programu hizi ni nyingi. Iliyozipa umaarufu ni Jekyll ya Tom Preston-Werner, ya mwaka 2008, na GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti mtandaoni, inaielewa Jekyll moja kwa moja. Ni nzuri, ila inadai lugha ya programu ya Ruby, na kumwelekeza mtu wa Windows kusimika Ruby kwa simu kunamaliza salio na uvumilivu. Mimi natumia Hugo, iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013 kwa lugha ya Go. Ni faili moja tu: unaipakua, unaiweka kwenye njia ya mfumo (PATH) ili kompyuta iipate, umemaliza. Na ni nyepesi mno. Tovuti ya kurasa kadhaa inajengwa kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi, hata kwa laptopu ya mtumba.

Ukiandika `hugo new site potifolio` kwenye dirisha la amri unapata folda zako. Kati ya hizo, tatu ndizo utakazozizoea: `content` kwa maandishi, `layouts` kwa violezo na `static` kwa vitu vinavyokwenda mtandaoni kama vilivyo. Amri ya `hugo server` inakufungulia tovuti kwenye `localhost:1313`, yaani ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na kila ukihifadhi faili, kivinjari kinajionyesha upya. Hapa hutumii bando hata kidogo, kwa hiyo tovuti nzima unaweza kuijenga ukiwa kwenye basi la mkoani.

Themu, yaani mionekano iliyokwisha kutengenezwa, ziko tele na ni za bure. Chagua moja, lakini usiihariri ndani ya folda ya `themes`. Kiolezo unachotaka kukibadilisha kinakili kwenye `layouts` ya kwako, kwa njia na jina lilelile. Hugo huangalia kwako kwanza kabla ya kwenda kwenye themu. Siku themu ikitoa sasisho, mabadiliko yako hayafutiki. Kingine: themu nyingi za potifolio huja na vile vipau vya ujuzi, HTML asilimia 90, Python asilimia 75. Viondoe. Asilimia 75 ya Python ni kiasi gani, na nani aliyeipima?

Sasa kichwa cha faili, yale maelezo mafupi yaliyo juu ya kila ukurasa. Hapa ndipo watu wanapokwama, na sisi tunaoandika Kiswahili tuna mitego yetu ya ziada. Faili mpya ya Hugo huja hivi:

```
+++
date = '2025-03-14T09:00:00+03:00'
draft = true
title = 'Soko la mifugo'
+++
```

Badilisha jina liwe `'Soko la ng'ombe'` uone: Hugo inagoma kujenga. Ile alama ya ng' imehesabiwa kuwa mwisho wa jina, na `ombe` limebaki nje bila mwenyewe. Tumia alama mbili za kunukuu, `"Soko la ng'ombe"`, yaishe. Wanaotumia YAML, mtindo mwingine wa kuandika kichwa hicho, nao wana nuktapacha: jina kama Mfumo wa SACCO: kutoka daftari hadi simu, likiachwa bila alama za kunukuu, linasomeka kama maelezo mawili tofauti.

Mstari wa `draft = true` unasema ukurasa bado ni rasimu: kwako unauona ukiwasha server kwa `hugo server -D`, inayoonyesha na rasimu, lakini mtandaoni haupo. Tarehe ndiyo inayoumiza kichwa. Hugo haichapishi ukurasa wenye tarehe ya wakati ujao, na tarehe isiyo na ukanda wa saa inahesabiwa kuwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Chukua mtu wa Dar aliyeandika `09:00:00` bila ile `+03:00`, yaani saa tatu asubuhi, akapandisha kazi yake saa tatu na nusu. Kwa Hugo, ukurasa huo ni wa saa sita mchana, kwa hiyo unaachwa nje kimyakimya, bila onyo lolote. Na hata saa sita ikifika hautajitokeza wenyewe mpaka tovuti ijengwe tena, kwa kuwa faili zilizoko juu ni zile zile za asubuhi. Weka `timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam"` kwenye `hugo.toml`, faili ya mipangilio ya tovuti, au `Africa/Nairobi`, na tatizo hilo hutalisikia. Ukiwa humo humo, weka pia lugha iwe `sw`, ili kivinjari kisijitolee kutafsiri ukurasa wako kikidhani ni Kiingereza.

Picha ndizo zinazoua wepesi wote huu. Picha ya simu ya megabaiti nne, ikioneshwa kwenye upana wa kiganja, bado inapakuliwa megabaiti nne, na anayelipia ni huyo mwajiri anayeifungua kwa bando lake. Hugo inaweza kukupunguzia. Weka picha kwenye folda moja na `index.md`, faili ya maandishi ya mradi husika, halafu ndani ya kiolezo iite kwa `.Resize "800x webp q75"`. Inapunguzwa mara moja wakati wa kujenga, na uzito wake unapungua sana. Majina ya picha yawe kwa herufi ndogo zote. Windows haitofautishi `Duka.JPG` na `duka.jpg`, seva inatofautisha, na picha iliyoonekana vizuri kwako inageuka kisanduku kitupu.

Kuhusu miradi yenyewe, mitatu inatosha. Kila mmoja upe ukurasa wake na ueleze nani alikuwa na shida gani, ulifanya nini, kipi kilikuwa kigumu na ulikitatuaje. Kama picha ya skrini inaonyesha miamala ya M-Pesa au orodha ya wateja, weka data za kubuni kabla hujapiga picha. Kufifisha majina kwa haraka haraka mara nyingi huacha namba ya simu ikisomeka pembeni.

Fomu ya mawasiliano haiwezi kufanya kazi yenyewe kwenye tovuti tuli, kwa sababu hakuna wa kuipokea. Zipo huduma za kupokea fomu, lakini kwa wateja wetu kiungo cha WhatsApp kinashinda: `https://wa.me/2557XXXXXXXX`, namba ianze na msimbo wa nchi, bila sifuri wala alama ya kujumlisha.

Kuipandisha ni bure kwenye GitHub Pages, ripo (hifadhi ya faili za mradi kwenye GitHub) ikiwa ya wazi. Ipe ripo jina la `jinalako.github.io`. Ukiiita `potifolio`, tovuti inakaa ndani ya folda ya ziada, na kama `baseURL`, anwani ya tovuti iliyoandikwa kwenye `hugo.toml`, hailingani na anwani hiyo, ukurasa unatokea uchi: maandishi meusi, viungo vya bluu, rangi hamna. GitHub wana kiolezo cha Actions, huduma yao ya kuendesha kazi zenyewe, kwa ajili ya Hugo. Kichague kwenye mipangilio ya Pages, na kuanzia hapo kila ukisukuma mabadiliko, tovuti inajijenga. Funguo za API, zile nywila ambazo programu hutumia kuingia kwenye huduma nyingine, zisiingie kwenye ripo hiyo hata kwa dakika moja, kwani ukizifuta, historia ya Git bado inazo.

Kilichobaki cha kulipia ni domeini, ukiitaka. Kwa mtu binafsi zipo `.me.tz` na `.me.ke`. Isajili kwa jina lako na baruapepe yako wewe, si ya fundi aliyekusaidia, na uwashe ulipaji wa kujirudia.