Muungano wa tando: namna virusi vya herpesi vinavyopenya kwenye seli

Ukiketi kwenye kibanda cha samaki kule Dunga, Kisumu, utazame mchuzi kabla hujamega ugali. Matone ya mafuta yanaelea. Mawili yanaweza kukaa bega kwa bega bila kuungana, mpaka uyasukume kwa kijiko, na papo hapo yanakuwa tone moja. Ndivyo virusi vya herpesi vinavyoingia kwenye seli za mwili wetu. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na virusi hivi navyo vimejifunika utando kama huo. Tando hizo mbili zikiwa moja, mzigo wa vinasaba unamiminika ndani. Huko ndiko kuungana kwa tando.

Wengi hudhani kirusi kikishaishika seli, kazi imekwisha. La hasha. Kati ya tando hizo kuna maji yanayozitenga, na kuyafukuza kunataka nguvu.

Nguvu hiyo hutoka kwa protini iitwayo gB, ambayo virusi vyote vya herpesi vinayo. Husimama tatutatu juu ya kirusi, zikiwa kama mtego wa panya uliokwisha kutegwa. Mtego ukifyatuka, gB hunyooka, huchomeka ncha zake kwenye mafuta ya seli, kisha hujikunja kama kisu cha mfukoni na kuzivuta tando zote mbili pamoja. Haihitaji nishati nyingine. Kule kujikunja kwenyewe kunatosha.

Na nani hufyatua? Kwa kirusi kinacholeta malengelenge ya midomoni, protini gD hushika kipokezi cha seli, nectin-1 kwa mfano, kisha huwaamsha wapambe wawili, gH na gL, nao huiamsha gB.

Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho huku magharibi mwa Kenya kinahusishwa na saratani ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto, kina ujanja wa ziada. Ili kuingia kwenye seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, hujifunga kwa protini yake iitwayo gp350, kisha nyingine, gp42, hutoa ishara ya kufyatua. Kwenye seli za koo, gp42 haihitajiki, tena ni kizuizi. Sasa sikiliza hili, maana mimi hunifurahisha kila nikilikumbuka: kirusi kilichozaliwa ndani ya seli B hutoka na gp42 chache, kwa hiyo hupenya seli za koo kwa urahisi. Kilichozaliwa kooni hutoka nazo tele, tayari kurudi kwenye seli B. Kila nyumba hukiandaa kirusi kwa safari ya nyumba ya pili.

Hapo ndipo chanjo dhidi ya kirusi hiki zinapopata taabu, maana kina milango miwili. Jaribio moja lililolenga gp350 peke yake, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2007, lilipunguza wagonjwa wa homa ya tezi, ambayo huletwa na kirusi hiki, miongoni mwa vijana, lakini maambukizi yenyewe hayakuzuilika. Siku hizi watafiti wanaziongeza gH, gL na gp42 kwenye chanjo wanazozijaribu.