Elektrolisisi ya kampaundi za kaboni: pale shaba inapotudanganya

Mwanafunzi wa Lubumbashi husikia habari za elektrolisisi, yaani kubadilisha kemikali kwa kupitisha umeme, kabla hajafungua daftari la kemia. Mjomba yuko kiwandani Likasi, na malori yanapita kuelekea Kasumbalesa yamebeba mabamba ya shaba. Ndiyo maana somo la metali humwingia upesi. Akifika kwenye kampaundi za kaboni, anaendelea kufikiri kishaba, na hapo ndipo Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inapomnasa. Kila "Dhana" hapa chini ni kosa la aina hiyo, na chini yake ni masahihisho. (Lile bomba refu la moshi la mjini, kwa taarifa yenu, ni la tanuru: shaba ya kwanza ilitoka hapo mwaka 1911 kwa moto, si kwa elektrolisisi.)

Dhana: asetati ya sodiamu ikipitishiwa umeme hutoa methani.

Hapa chumvi moja imechanganyiwa mienendo miwili. Ukiichoma na soda yenye chokaa, ndiyo, unapata methani:

CH₃COONa + NaOH → CH₄ + Na₂CO₃

Kwa umeme mambo ni mengine, kama Hermann Kolbe alivyoonyesha miaka ya 1840. Anodi, yaani elektrodi chanya, humnyang'anya ioni ya asetati elektroni moja, CO₂ inabanduka, na kinachobaki ni radikali ya methili, kipande chenye elektroni moja isiyo na mwenzi. Radikali haivumilii upweke: mbili zikikutana zinaungana kuwa ethani.

2CH₃COO⁻ → C₂H₆ + 2CO₂ + 2e⁻

Kwa hiyo asidi yenye kaboni n hutoa alkani (kampaundi ya kaboni na haidrojeni tu, kama ethani) yenye kaboni 2n − 2, ambayo daima ni namba shufwa. Anayetaka propani atachanganya asetati na propanoati (chumvi ya asidi yenye kaboni tatu), lakini atapata ethani na butani pia, maana radikali hazichagui mwenzi.

Dhana: ethani hukusanywa kathodi, yaani kwenye elektrodi hasi.

Kwenye shaba tumezoea kuvuna kathodi. Hapa mavuno yako anodi, pamoja na CO₂. Pitisha gesi hiyo kwenye myeyusho wa NaOH, CO₂ itanaswa na ethani itabaki. Kathodi hutoa haidrojeni. Ioni za sodiamu huenda huko, ni kweli, lakini maji huzitangulia kupokea elektroni, na OH⁻ zinazobaki hugeuza fenoftalini, kiashiria cha besi, kuwa ya waridi.

Dhana: elektrodi ni mlango wa umeme tu, iwe platinamu au grafiti ni mamoja.

Hili ndilo ambalo vitabu hulipita mbio, nami naona ndilo tamu kuliko yote. Kwenye platinamu laini, katika myeyusho mzito na mkondo mkali, radikali huzaliwa zikiwa zimesongamana, hivyo huungana. Kwenye grafiti, radikali hupokonywa elektroni ya pili kwa urahisi na kuwa kabokatayoni (ioni chanya ya kaboni), ambayo hunyakua maji: badala ya ethani unapata methanoli. Chumvi ni ileile na betri ni ileile. Shule nyingi hazina platinamu. Ukitumia vijiti vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri za tochi, usimlaumu Kolbe.

Dhana: ukiongeza volti unapata kilekile, ila upesi.

Fritz Haber, kabla ya kujulikana kwa amonia, alionyesha mwaka 1898 kwamba nitrobenzini hubadilika kulingana na potenshali ya kathodi, yaani msukumo wa umeme unaopimwa kwa volti. Katika asidi, ukiisukuma kidogo inaishia kwenye fenilihaidroksilamini. Ukiisukuma zaidi inafika anilini. Potenshali ndiyo huamua kipi kitokee, na ampea pamoja na muda huamua kiasi. Ampea 2 kwa saa moja ni kulombu 7,200. Gawanya kwa 96,500, unapata moli 0.075 za elektroni. Kila molekuli ya ethani hudai elektroni mbili, kwa hiyo ni moli 0.037, yaani kama lita 0.84 kwenye 0 °C na shinikizo la kawaida la hewa. Hicho ni kikomo. Maabara hutoa pungufu.

Dhana: haya ni ya darasani tu.

Monsanto ilianza mwaka 1965 kutengeneza adiponitrili kwa njia ya Manuel Baizer: molekuli mbili za akrilonitrili huunganishwa kwenye kathodi. Adiponitrili ni malighafi ya nailoni 6,6.

Dhana: umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unatosha, chomeka tu.

Umeme wa bwawa la Inga husafiri hadi Kolwezi ukiwa mkondo mnyoofu, kisha hugeuzwa kuwa mkondo geu. Huo wa nyumbani hubadilishana anodi na kathodi mara nyingi kila sekunde, na unaua. Tumia betri ya pikipiki ya volti 12. Tenga bomba la kila gesi, fungua madirisha, na mbabula (jiko la makaa) yoyote iliyo karibu izimwe kwanza: haidrojeni na ethani zote mbili hushika moto.