Kiwiliwili cha Kaboni: Kinachoitofautisha Boeing 787-8

Wasafiri wengi wamepanda Boeing 787-8 za Kenya Airways au Air Tanzania wakidhani wamo ndani ya bati la alumini. Sivyo. Kiwiliwili cha ndege hiyo ni nyuzi za kaboni zilizoloweshwa gundi, zikazungushiwa kalibu kubwa tabaka juu ya tabaka, kisha zikaokwa kwenye tanuri lenye mgandamizo. Kwa uzito, nusu ya ndege ni nyenzo ya namna hiyo. Alumini ni asilimia 20 tu, na metali ya titani 15.

Alumini huchoka. Kila safari kiwiliwili hutunishwa kwa hewa na kulegezwa tena, na nyufa hupenda kuanzia kwenye kona za matundu, kama ya madirisha. Kaboni huvumilia zaidi, ndiyo maana dirisha la 787 lina urefu wa sentimita 47, na hewa ya ndani inaweza kubanwa zaidi. Ndege ikiwa juu kabisa, abiria hupumua kama yuko mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, badala ya 2,400 zilizozoeleka. Mita 1,800 ni kama Nairobi. Mkazi wa huko hatapata ugeni wowote. Unyevunyevu nao unaweza kuongezwa kidogo, kwa sababu kaboni haishiki kutu.

Mbawa, zenye upana wa mita 60 ncha kwa ncha, hupinda kwenda juu wakati wa kuruka. Anayekaa dirishani huingiwa na hofu bure: zimeundwa zipinde.

Kaboni ina kasoro zake. Haipitishi umeme vizuri, hivyo chini ya rangi hulazwa wavu mwembamba wa shaba ili radi ipite juujuu na kutoka. Pia ikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Ndiyo sababu ya titani nyingi kwenye maungio.

Linalotusumbua zaidi liko chini, uwanjani. Ngazi au lori la chakula likigonga alumini, bati hubonyea na kila mtu huona. Kaboni inaweza kurudia umbo lake, ikabaki na mkwaruzo mdogo kwenye rangi, huku ndani tabaka zimeachana. Kwa hiyo aliyegonga, hata kidogo, aweke alama mahali penyewe na amwite fundi mwenye leseni kabla milango haijafungwa. Fundi hupitisha kifaa cha mawimbi ya sauti. Penye tabaka zilizoachana, mwangwi hurudi mapema kuliko unavyotakiwa. Jeraha dogo hubandikwa kiraka cha gundi na kukaushwa kwa blanketi la joto. Kubwa hukatwa, kikafungwa kipande kipya kwa boliti za titani, na ndege hulala hapo.