Mau Mau walikuwa wagonjwa wa akili?

Dhana: Kiapo cha kujiunga na Mau Mau, kundi la wapiganaji, wengi wao Wakikuyu, waliopigana na Waingereza nchini Kenya miaka ya 1950, kiliwavuruga akili.

Bado utawasikia watu wazima wakilisema hili, tena bila haya. Halikuanzia kijiweni. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti kuhusu Mau Mau ya Dk. J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Hoja yake: Mkikuyu ameng'olewa kwenye mila zake kabla hajauzoea ulimwengu mpya, hivyo roho haimtulii. Mwaka mmoja kabla, katika andiko la Shirika la Afya Duniani, alikuwa amemfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Na huyo bingwa, alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938, alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, si mtaalamu wa akili.

Wapiganaji wenyewe walidai ithaka na wiyathi, yaani ardhi na uhuru. Mtu aliyenyang'anywa shamba akilidai, kichaa kiko wapi? Lakini dai la shamba linataka jibu, na ukishamwita mdai mgonjwa huna haja ya kumjibu. Dawa aliyoipendekeza Carothers nayo ilikuwa ya ajabu: watu wakusanywe vijijini. Zaidi ya milioni moja walihamishwa, vijiji vyenyewe vikiwa chini ya ulinzi.

Dhana: Basi ni daktari mmoja tu aliyepotoka.

Wapi! Huko Marekani, mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright alitangaza kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ana maradhi ya akili. Akayapa na jina: drapetomania.

Dhana: Katika kambi za kizuizini walirekebishwa, wakapona.

Wafungwa waligawanywa kwa majina ya rangi, si ya ngozi bali ya utiifu: weupe, kijivu, weusi. Ukikiri kiapo unasogezwa kuelekea weupe, na mwisho nyumbani. Ukikaza, unabaki mweusi. Kwa hiyo “kupona” kulimaanisha kusema kile askari alichotaka kusikia.

Tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola, wafungwa waliogoma kufanya kazi walishushiwa virungu. Walikufa 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maiti zilipopasuliwa, zilionyesha kipigo. Sasa hapo mwenye kuhitaji daktari wa akili alikuwa nani?

Dhana: Uhuru ulilisafisha jina la Mau Mau.

Bendera ilipanda 1963, marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ikabaki. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathirika 5,228, lakini Kenya yenyewe ilikuwa imeiondoa Mau Mau kwenye orodha ya makundi haramu miaka kumi tu kabla ya hapo, 2003. Miaka 40 mizima, mzee aliyekula kiapo msituni alikuwa bado mtu wa kundi haramu, akizeeka katika nchi aliyoipigania.